Kufuli Amkatia Mama Mkwe Mtandao

Jina lake halisi walilijua mumewe na karani wa mishahara tu. Ofisi nzima ilimwita Kufuli, na alistahili. Katika kampuni ile ya kupima viwanja na kuchora ramani, yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mtandao, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwanyima watu raha. Mtandao ni wa kompyuta za kazi, basi. Simu za mifukoni, marufuku.

Walijaribu, maana binadamu na cha bure hawaachani. Mchoraji mmoja alimletea soda baridi. Dereva alidai simu yake ni mgonjwa, inahitaji kupata mtandao kidogo ipumue. Kufuli alikunywa soda, akampa dereva pole, na mlango ukabaki umefungwa. Neno la siri lenyewe lilibandikwa ukutani mapokezi, kila mtu akiliona, wala halikumfaa mtu. Kila chombo kina namba yake ya kuzaliwa, iliyotiwa kiwandani, na Kufuli alikuwa ameviandikisha vyombo vya ofisi tu, akavipa na majina kama watoto: Mapokezi, Meneja, Printa Mkaidi. Kisichoandikishwa kilitupwa nje hata kingebisha hodi mpaka jioni.

Lakini bado alikuwa kwenye majaribio, hana mkataba wa kudumu. Na aliyemwombea kazi alikuwa mama mkwe wake, yule mama wa mapokezi mwenye sauti ya kumwita mtu wa ghorofa ya juu bila simu. Mkwe hustahiwa, mkwe aliyekutafutia na kazi je? Ndiyo maana Kufuli aliponunua simu mpya, ile ya zamani aliifuta picha, ujumbe na kila kitu, akampa mama kwa mikono miwili.

Asubuhi moja meneja alimwita. "Leo tunampelekea mteja ramani ya eneo zima la viwanda. Isipofika kabla ya saa nane, kazi anampa mwingine. Mtandao ukikwama kama wiki iliyopita, mkataba usahau."

Ramani ilianza safari vizuri. Ilipofika katikati, ikatuama.

Kufuli akafungua kompyuta yake, meneja kasimama nyuma yake. Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Wote walikuwa wa nyumbani. Ila mmoja wao alikuwa anakula mtandao peke yake, hasazi. Jina lake: Fundi.

Fundi ilikuwa simu yake mwenyewe, aliyoiandikisha kwa majaribio siku alipoanza kazi. Akaitoa simu mkobani. Ilikuwa imezimwa.

"Huyo Fundi ni nani?" meneja akauliza.

"Ni mimi, mzee. Lakini siyo mimi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," meneja akasema, wala hakuwa anatania.

Hapo Kufuli akakumbuka. Picha alifuta, ujumbe alifuta, lakini namba ya kuzaliwa haifutiki. Na yeye, mfukuza watu wote, alikuwa amesahau kuitoa simu ya zamani kwenye mtandao alipoigawa. Akachungulia mapokezi. Mama mkwe alikuwa na waya za simu masikioni, macho yamemtoka, ile zawadi ameiegemeza kwenye chupa ya maji. Alikuwa anatazama tamthilia, na sehemu zilizobaki anazishusha zote kwa mpigo akamalizie nyumbani.

Kumkatia mkwe! Heshima ilitaka aende akamnong'oneze, amwombe taratibu. Lakini mama yule hakatizwi kwenye tamthilia, ukimgusa anakupungia mkono usubiri, na saa nane haikuwa na subira. Kufuli aliogopa, aliogopa kwelikweli. Akafumba macho, akabonyeza.

"Jamani!" mapokezi kukalipuka. "Nani kakata? Ndiyo kwanza bibi harusi anakataa!"

Ofisi ikaangua kicheko. Ramani ikatikisika, ikasogea, ikafika. Mteja akajibu asante. Meneja peke yake hakucheka.

"Simu ya nani ile?"

"Ya mama, mzee. Nilimpa mimi, nikasahau kuitoa kwenye mtandao. Kosa ni langu."

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, waya zinaning'inia shingoni. "Kosa ni lake, ndiyo," akasema, "na tutalizungumza nyumbani. Lakini wewe meneja, hebu niambie. Huyu ni mke wa mwanangu. Kila asubuhi ananiamkia kwa adabu zote, chai ananiletea mkononi, na leo kanikatia mbele za watu pale pale patamu. Ukimfukuza, mwingine mwenye ubavu huo utamtoa wapi?"

Meneja akaguna. Akakaa. Akatoa mkataba kwenye droo, akautia saini, akamsogezea Kufuli kalamu. Kufuli akasaini machozi yakimlengalenga, furaha na aibu zimemjia kwa pamoja.

Meneja akakohoa kidogo, akatoa simu mfukoni. "Sasa, binti yangu, maadamu umeshakuwa wa kudumu, niandikishie na hii. Jioni kuna mechi."

Kufuli alimtazama mama mkwe, aliyekuwa bado kanuna mlangoni. Kisha akaisukuma ile simu taratibu juu ya meza, ikarudi kwa mwenyewe.

"Samahani sana, mzee. Mama mkwe nimemkatia, sembuse wewe?"