Betri ya Kifaru cha Mapera

Mwezi uliopita, kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Mbinga, mzee mmoja wa Mapera aliweka juu ya kaunta kifaru cha kivita cha kuchezea, kikubwa kama mbuzi, kinachoendeshwa kwa rimoti. Alikuwa ameletewa na mwanawe anayefanya kazi Ulaya, bila betri.

"Shikamoo mzee," alisema muuzaji. "Betri hii nyepesi inakipa mbio, ila inaisha upesi. Hii ya pikipiki inadumu, lakini ni nzito."

"Marahaba. Kitalinda mahindi," mzee akajibu. "Na ngedere hawana saa maalumu."

Akazipima mkononi, moja huku, nyingine kule, kama sisi wakulima wa kahawa tunavyopima kila kitu. Akachagua nzito. Muuzaji akamwonya kwamba kitalemewa.

"Mwanangu, umewahi kuona kifaru chepesi?"

Wateja wote tukaitikia kwa vichwa, mimi wa kwanza.

Jana nilimkuta stendi, nikamuuliza habari za vita.

"Kilitumbukia kwenye shimo la kwanza la ngolo. Ngedere wanakikalia wakila mahindi yangu."

Nikaona aibu. Wote tuliokuwa pale dukani tunalima kwa ngolo, kilimo chetu cha mlimani, shamba zima mashimo, na hakuna aliyekumbuka.

"Na betri?"

"Nimeifunga kwenye redio, nimeiacha shambani. Mjadala wa siasa ukianza tu, wanakimbia wote."

Nimelifikiria hilo usiku kucha. Sisi mjadala huohuo ukianza, tunaongeza sauti.