Habari za Chombo Tulichokifukua Mtongwe

Kuna harufu moja ambayo nikiinusa popote hunisimamisha. Ni ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini, ikichanganyika na dizeli. Watu wengi huikimbia. Mimi husimama nikavuta pumzi, maana harufu hiyo ilinikaa kwenye nywele karibu mwaka mzima, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, hata mama akawa hataki nilale karibu na nguo safi. "Tulizaa mtu," alikuwa akimwambia baba, "sasa tunalea papa."

Kwetu ni Shika Adabu, huku Likoni. Baba yangu, Mzee Hamisi, alilima mihogo na kuangua nazi, na alikuwa mtu wa maneno machache. Nilijua kwamba zamani aliwahi kufanya kazi bandarini. Kazi gani, na aliiacha kwa nini, sikuambiwa, na nyumbani kwetu mtoto hakuuliza asiloambiwa. Niliona tu kwamba tukivuka feri kwenda mjini, watu wote hutazama maji na meli zilizotia nanga, yeye hutazama miguu yake.

Siku hizo Mwalimu Salimu, aliyetufundisha hesabu, alikuwa na chama cha vijana wa kusafiri kwa tanga. Tulikuwa kama ishirini, na mashua mbili ndogo zilizovuja kwa zamu. Hii ikizibwa, ile inaanza. Sharti la kuingia lilikuwa moja: uogelee kutoka gatini hadi kwenye boya na urudi bila kushikwa mkono. Mimi nilikuwa nikifuatana na nyanya mwambani kutafuta pweza tangu sijaota meno ya pili, basi nikaenda, nikarudi, Mwalimu akaandika jina langu, Mejumaa binti Hamisi. Wazee wawili walimwendea kumwambia kwamba mtoto wa kike hana kazi baharini. Akawajibu kwa adabu kwamba wameona wenyewe, bahari haikumkataa.

Mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru, Mwalimu alikuja darasani na barua mfukoni, akashindwa kufundisha kugawanya mpaka aitoe. Ofisi ya bandari ilikuwa imekipa chama chetu motaboti. Tulipiga kelele mpaka darasa la pili wakaja kuchungulia. Kisha akatusomea yaliyobaki: motaboti yenyewe ilikuwa imelala kwenye tope la mikoko huko Mtongwe kwa miaka minane au tisa, na atakayeitaka aitoe mwenyewe.

Tulikwenda kuiona Jumamosi. Ilikuwa ya futi thelathini hivi, imelala ubavu, rangi imebambuka kama ngozi ya mjusi. Kaa walikuwa wamehamia chumba cha injini, na mche wa mkoko ulikuwa umetoboa mbao za shetri, kule nyuma, ukachomoza juu na majani yake mawili. Rashidi, rafiki yangu mkubwa chamani, aliizunguka mara moja, akasema, "Hiki si chombo, hili ni shamba."

Rashidi alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mwanasiti, aliyeuza vitumbua karibu na feri. Baba yake alifia baharini naye akiwa wa miaka mitano. Hilo tulilijua sote, na hakuna kati yetu watoto aliyejua zaidi ya hapo.

Usiku ule nikamweleza baba tulichopewa. Alikuwa anakula. Akaniuliza, "Kina mlango wa shaba upande wa kushoto, una kishubaka cha kioo?"

"Abee, baba, kinao. Umejuaje?"

Akanawa mikono, na chakula bado kimo sahanini. Hakunikataza kwenda, wala hakuniuliza tena habari za chombo kile. Nami, kwa ujinga wa umri, nilidhani amechoka.

Tulikifukua kwa mabeleshi na kwa mikono, wiki baada ya wiki, tukarudi majumbani wote rangi moja. Tulingoja bamvua, maji yalipojaa kuliko siku zote, tukakivuta kwa kamba mpaka kikaelea, kikaegemea, kikaelea tena. Tuling'oa mbao mbovu tukatia mpya. Mzee Kombo, seremala wa vyombo aliyekaa pale pale Mtongwe, alitufundisha kalafati: kusokota pamba, kuilowesha mafuta, kuipigilia katikati ya mbao mpaka unyuzi wa maji usipite. Wasichana tulikuwa wanne, na alisema hadharani kwamba kalafati yetu ilikuwa bora kwa sababu tulikuwa tumezoea kusuka. Injini ilishughulikiwa na fundi mmoja wa reli kutoka Changamwe, aliyekuja kila Jumapili na kuisemesha kwa upole kama mgonjwa asiyetaka dawa. Ilipofika kuandika jina, wavulana walitaka "Uhuru". Mwalimu akasema mwenye kutoa chombo ni Mzungu na bado hajaondoka. Waandike "Salama", na ubavu utakuwa papo hapo siku ya kubadilisha.

Ilipobaki mwezi mmoja kukizindua, Mwalimu alinipa daftari jipya. "Mejumaa, una mwandiko wa kusomeka. Nenda ukaulize watu, uandike habari za chombo hiki tangu kilipokuja. Utazisoma siku ya sherehe, mbele ya mkubwa wa bandari."

Nikaanza na Mzee Kombo. Alinisimulia huku anapiga randa. Chombo kilikuja kabla ya vita, juu ya sitaha ya meli, na kazi yake ilikuwa kuwachukua wakubwa kwenda kwenye meli zilizotia nanga nje. Vita vilipoanza kikapakwa rangi ya kijivu, kikawa kinavusha askari. Vita vilipokwisha kikarudi bandarini. Nikaandika yote, ulimi nje.

"Halafu?"

"Halafu kikapanda mwamba, akafa mtu. Hayo sikuwepo. Muulize aliyeshika usukani."

"Ni nani, mzee?"

Randa ikasimama. "Kwani babako hajakwambia?"

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba anafua nazi, anazitoa makumbi kwa kifuo. Nilisimama na daftari kifuani, nikamwambia nimetumwa na Mwalimu kuandika habari za chombo, na Mzee Kombo amenielekeza kwake. Alifua nazi tatu kabla hajasema kitu. Kisha akaniambia nikae niandike.

Alikuwa nahodha wa chombo kile miaka sita. Nyororo ya usukani ilikuwa imeliwa na kutu. Aliomba mpya ofisini mara tatu, kwa karani na kwa Mzungu mwenyewe, akajibiwa atumie hiyo hiyo. Akaifunga kwa waya. Siku moja ya upepo mkali wa kusi aliamriwa akamchukue mkubwa mmoja kwenye meli iliyokuwa nje. Baharia wake alikuwa Bakari.

"Bakari yupi, baba?"

"Babake Rashidi."

Kalamu yangu ilikwama hapo. Baba akaendelea kwa sauti ile ile, kama mtu anayehesabu mashina ya mihogo. Walipofika mlangoni mwa bahari waya ulikatika. Chombo kikageuka ubavu, wimbi likakipandisha mwambani, Bakari akaangukia kati ya mbao na jiwe. Ofisi iliandika kwamba ni uzembe wa nahodha, naye akafukuzwa, na chombo kikavutwa kikaachwa Mtongwe.

"Basi si kosa lako," nikasema. "Uliomba nyororo mara tatu."

"Andika na hili. Kabla hatujafungua kamba Bakari aliniambia, 'Nahodha, leo tusiende.' Nikamwambia twende. Niliogopa kazi yangu."

"Na hilo niandike?"

"Umeniuliza habari, nimekupa."

Nikainama kama ninaandika, lakini sikuandika. Niliona si haki. Baba yangu alikuwa amefukuzwa kwa kosa la watu wengine, na sasa ningesimama mbele ya Likoni nzima nimwongezee jingine kwa mkono wangu. Nikaandika kwa herufi kubwa habari za nyororo na maombi matatu, nikampelekea Mwalimu.

Mwalimu Salimu alisoma amesimama, kisha akakaa, akasoma tena. Alikuwa mtu mwema, na alitupenda. Akavua miwani. "Haya ya ofisi kukataa nyororo ni kweli, sina shaka. Lakini mkubwa wa bandari atakuwa ameketi mbele yako, na barua ya kutupatia chombo bado anaweza kuirudisha. Tuyaache, mwanangu. Siku yake itakuja, inshallah." Akapiga mstari mwembamba wa penseli, safi kabisa, kwa rula.

Basi habari zilizobaki, baada ya mimi kutoa langu na Mwalimu kutoa lake, zilikuwa laini kama uji. Siku ya sherehe watu walijaa Mtongwe. Wanawake walipika pilau, watoto walipanda mikoko. Mkubwa wa bandari aliketi kwenye kiti cha pekee chenye mikono. Bi Mwanasiti alikuwa upande wa wanawake. Rashidi alisimama majini hadi magotini, ameshika kamba ya omo, mbele ya chombo. Baba nilikuwa sikumtarajia, lakini alikuja, amevaa kanzu ya Idi, akasimama nyuma.

Nikasoma. Nilipofika mahali pale nilisoma hivi: "Siku ya kusi usukani ulikatika, chombo kikapanda mwamba, na baharia mmoja, marehemu Bakari, akafariki. Mungu amrehemu." Watu wakaitikia amina. Nikamaliza, wakapiga makofi. Nilikuwa ninafunga daftari niliposikia sauti ya baba.

"Nina neno la kuongeza."

Watu wakampisha. Alikuja mpaka mbele, akageuka upande wa Bi Mwanasiti.

"Nahodha wa siku ile nilikuwa mimi. Wenye umri wangu wanajua. Wasilolijua ni hili: marehemu alikiona chombo ni kibovu, akaniambia tusiende. Nikamchukua. Nilipaswa kuja kukwambia siku ile ile, Bi Mwanasiti. Nimechelewa miaka tisa."

Habari za nyororo hakuzigusa. Nilimtazama nikimngoja aziseme, hakuzisema.

Bi Mwanasiti alinyanyuka taratibu, akavuta leso yake mabegani. Hakulia wala hakupandisha sauti. "Mzee Hamisi, asubuhi ile Bakari alikataa kutoka. Alisema chombo kitawaua. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mwanamume hakai nyumbani siku ya kazi. Akatoka bila kunijibu." Akaishika ncha ya leso. "Miaka yote hii nilidhani hata kazini alinyamaza kwa ajili ya maneno yangu. Sikujua kama alikwambia."

"Aliniambia," baba akasema. "Aliniambia waziwazi."

"Basi," akasema Bi Mwanasiti, akaketi.

Mkubwa wa bandari aliinama kwa Mwalimu kuuliza kinachosemwa. Mwalimu akamjibu kwa Kizungu kwamba wanamwombea marehemu. Mzungu akaona ni jambo zuri, akainuka, akampa baba mkono. Alikuwa mgeni, hakujua anampa mkono mtu aliyefukuzwa na ofisi yake.

Chombo kikaenda. Fundi wa Changamwe aliizungusha injini mara nne, ya tano ikawaka, ikatema moshi mweusi, watu wakapiga vigelegele. Tulifika katikati ya mlango wa bahari ikazima, tukarudishwa kwa kamba na ngalawa ya wavuvi wawili waliotucheka njia nzima. Baada ya wiki mbili ilipona, na kwa miaka mingi ilifanya kazi yake vizuri.

Tulipokuwa tunavutwa Rashidi alikaa karibu nami. Aliniuliza swali moja: "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusoma."

Kwa miezi tulisafiri chombo kimoja tukizungumza habari za kamba tu. Kaza. Legeza. Shika hapo. Kisha siku moja aliniletea kitumbua, bila maelezo, nikakila.

Baba nilimkasirikia kwa muda mrefu zaidi. Niliona alisimama mbele ya watu akajitia hatiani, na kilichomtetea akakiacha. Baada ya uhuru nilimwambia sasa Wazungu wameondoka, aende akadai jina lake lisafishwe. Alicheka kidogo, akaniuliza kama nimekwisha kupalilia.

Nilikuwa mtu mzima, baba ameshatangulia mbele ya haki, nilipolifahamu jambo lile. Habari za nyororo zilikuwa na mashahidi: karani alizijua, Mzee Kombo alizijua, na waya wenyewe wavulana waliuona walipong'oa sakafu. Zingeweza kungoja. Neno la Bakari halikuwa na shahidi ila yeye. Lau angekwenda nalo kaburini, Rashidi angebaki na baba aliyekufa kama mzigo ulioteleza, na Bi Mwanasiti angebaki na maneno yake ya asubuhi ile. Nami nilikuwa nimelichukua neno hilo, ambalo halikuwa langu wala la baba, nikalificha nikidhani ninamtetea.

Rashidi alikuja kuwa nahodha bandarini, na wakubwa wake walikuwa wakimlalamikia kwamba ni mgumu. Kamba ikikatika uzi mmoja, hatoki. Wakimuuliza mbona anachelewesha kazi, huwajibu kwamba ndivyo alivyokuwa baba yake.