Mama Mvuke na Ngiri ya Mumewe

Hospitalini walimwita Mama Mvuke, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutakasa vifaa vya chumba cha upasuaji. Mikasi, koleo, mashuka, mabeseni, vyote vilipita mikononi mwake, vikafungwa, vikaingia kwenye mtambo wa mvuke, vikatoka havina kijidudu hata cha kusingiziwa. Chumba chake kilikuwa kidogo na cha joto, chenye meza ya bati iliyosuguliwa mpaka ukaweza kujitazama. Aliyeingia na viatu vya nje alitolewa kwa jicho tu.

Mumewe alikuwa mchimba visima, na wenzake walimwita Fuko kwa jinsi alivyoipenda kazi ya chini ya ardhi. Kuinua ndoo za udongo miaka nenda rudi kulimwachia ngiri kwenye kinena, uvimbe uliotokeza akikohoa na kurudi ndani akilala. Mwanzoni aliubeza. Baadaye ukaanza ukaidi, akawa anashuka kisimani mkono mmoja umeushikilia, na wenzake wakapata la kusema: huyu sasa ni fuko mwenye mfuko. Alicheka nao, lakini nyumbani alikaa upande upande kama aliyekalia kokoto.

"Baba watoto, siku utumbo ukinaswa humo hatutakuwa na nafasi ya kubishana," mkewe alimwambia. "Njoo ufanyiwe."

"Halafu mnanitia nini?"

"Wavu. Daktari anaurudisha utumbo mahali pake, anaweka kipande cha wavu palipolegea, nyama inaota juu yake. Basi."

Wavu wenyewe ulikuwa na maneno yake. Ule unaotengenezwa maalumu kwa upasuaji bei yake haikushikika, kwa hiyo hospitali ilitumia kitambaa cha aina ya chandarua, kisichotiwa dawa ya mbu, kilichochunguzwa kwanza, kikakatwa vipande, kikafuliwa na kutakaswa. Mama yake Fuko aliposikia hayo aliweka kikombe chini.

"Mkwe wangu, mwanangu si kitanda."

Mama Mvuke alicheka, kisha akamjibu kwa utulivu. "Mama, kile cha dukani chenye dawa hakivuki mlango wangu. Hiki tumewawekea wengi, na tunawaita warudi tuwakague. Wanaotunga usaha ni wachache, kama ilivyo kwa wavu wa bei kubwa. Ningekuwa na shaka, ningempeleka baba wa wanangu?"

Bibi huyo akasema yeye ndiye atakayekaa na mgonjwa wodini. Kwake huko ndiko kukubali.

Siku ikafika. Fuko alishaogeshwa, kanyolewa, kalazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji. Mama Mvuke alikuwa na desturi ya kuweka kipande kimoja cha kujaribia katika kila mzigo, akifungue kwa mkono wake kabla vingine havijatumika. Utepe juu ya kifurushi ulikuwa umegeuka mweusi, ishara kwamba mvuke ulifika. Alipokifungua, alikigeuza kwenye mwanga. Wavu ulikuwa umejikunyata, matundu yamebana, kingo ngumu kama plastiki iliyokaa karibu na jiko. Fundi alikuwa ameshughulikia mtambo juzi yake, na bila shaka joto lilipita kiasi.

Alisimama nacho mkononi. Kilikuwa safi, hilo halikuwa na ubishi. Lakini wavu mgumu ndani ya mwili hauwezi kutulia na nyama, na ulionywea hauzibi. Hakukaa kujishauri. Akaenda moja kwa moja kwa daktari.

"Wavu wa leo hauendi, Daktari. Umepata moto."

Daktari aliuvuta huku na huku, akaukunja, ukagoma kukunjika. "Hauendi," akasema, na kuanza kuvua glavu. "Nani anamwambia mgonjwa?"

"Mgonjwa ni wangu."

Fuko alimsikiliza huku anatazama dari. "Nimeshinda na njaa, nimenyolewa mpaka aibu, halafu mke wangu mwenyewe ananifungia mlango?"

"Ndiyo."

"Angekuwa mtu mwingine hapa, ungemrudisha?"

"Ningemrudisha vilevile."

Akajiinua kwa kiwiko. "Haya. Niletee chakula basi, na kiwe kingi."

Fundi aliitwa, akaurekebisha mtambo. Mama Mvuke akatia kipimajoto chake ndani, akaujaribu tena na tena bila wavu, mpaka joto likakaa pale alipolitaka. Ndipo akakata vipande vipya. Wiki iliyofuata kile cha kujaribia kilitoka laini, matundu wazi, na Fuko akaingizwa. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akawa macho muda wote, akimweleza daktari namna ya kuzuia kuta za kisima zisiporomoke.

Siku chache baadaye pale penye mshono pakavimba. Macho ya bibi yalimfuata mkwewe kila pembe ya nyumba. Mama Mvuke alimpima mumewe homa, hakuwa nayo, akampeleka hospitali asubuhi hiyo hiyo. Daktari alibonyeza, akauliza, akatazama tena.

"Ni maji yamekusanyika tu, hakuna usaha. Yatanyonywa na mwili."

Na kweli yalinyonywa. Fuko alikaa nyumbani mpaka aliporuhusiwa kuinua vitu, jambo lililomchosha kuliko upasuaji wenyewe. Aliporudi kazini, wenzake walimsihi abaki juu avute kamba. Alivuta asubuhi moja. Mchana alivua shati, akafunga kamba kiunoni, akashuka kisimani, mikono yote miwili huru.