Udaktari, Chaguo la Kwanza

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka watu wakiwa mashambani, wanapulizia mikorosho dawa ya salfa. Baba mmoja wa Chiungutwa alipanda hadi shuleni kwetu Newala kwa bodaboda, binti yake nyuma, shati lake lingali na vumbi la salfa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hakuzunguka.

"Mwalimu, huyu anataka udaktari. Atapata?"

Binti alikuwa na B ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia. Sifa za kuomba alikuwa nazo. Lakini kuwa na sifa ni jambo moja, kuchaguliwa ni jingine. Nafasi za udaktari ni chache, na wengi wanaozigombea wana A.

Shuleni kwetu kukadiria nafasi ya mtoto ilikuwa kazi ya mwalimu wa taaluma, mtumishi aliyetoka mkoa wa mbali na kuizoea Newala mpaka baridi yake. Desturi ilikuwa kuwatazama waliotangulia: wao walikwenda wapi? Basi na wewe nafasi yako iko huko huko. Aliyatazama matokeo ya binti pale ofisini, akaniambia kwa heshima zote, "Mama, tangu shule hii ianze hajaenda mtu udaktari. Aandike uuguzi. Tusimharibie bahati yake."

Baba akaitikia kwa kichwa. Binti akatazama viatu vyake.

Hasira zangu huwa ziko karibu, na siku ile zilifika. Ila hasira si hoja. Niliwaomba wasubiri, nikatoka nje na simu nikawapigia wanafunzi wa zamani, wale waliofaulu sayansi vizuri. Mmoja ni muuguzi Masasi, mwingine anafundisha Chiwata, mwingine yuko maabara. Kila mmoja nilimuuliza: ulipoomba udaktari, vyuo vilikujibu nini? Na kila mmoja alinijibu vile vile.

"Sikuomba, mwalimu. Niliambiwa hajawahi kwenda mtu."

Nilirudi ofisini nawaka. "Hawakukataliwa! Hawakuomba! Tunakadiria nini hapa, wakati hakuna hata mmoja aliyebisha hodi?"

"Na akikosa?" mwalimu wa taaluma akauliza. Lilikuwa swali la haki, nikamgeukia binti. Sikutaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Nafasi yako ni ndogo," nikamwambia. "Kukosa kuna uwezekano mkubwa kuliko kupata. Lakini nafasi ipo."

Akamtazama baba yake. "Baba, nataka udaktari."

"Mwandikie, mwalimu," baba akasema.

Tuliomba vyuo vitatu, udaktari chaguo la kwanza kote, famasia chini yake. Kitufe cha kutuma alikibonyeza binti mwenyewe.

Majibu ya dirisha la kwanza la maombi yalipotoka, jina lake halikuwemo popote. Niliumia sana. Mwalimu wa taaluma hakusema "nilikwambia", na ningefurahi kama angesema, nipate wa kugombana naye. Nilikaa peke yangu darasani nikipanga maneno ya kumpoza mtoto. Uuguzi ungali na nafasi dirisha la pili, aombe huo, angalau mwaka usipotee. Nilipokuwa tayari, nikampigia. Nyuma ya sauti yake mashine ya kupulizia ilikuwa inanguruma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeyaona majibu?"

"Nimeyaona. Dirisha la pili limefunguliwa leo asubuhi. Nimeshatuma."

"Umeomba nini?"

Akasogea mbali na mashine ili nimsikie vizuri.

"Udaktari. Kama ni kunikataa, mwalimu, wanikatae wao."

Neno uuguzi lilikuwa tayari ulimini mwangu. Nikalimeza.