Mstari Usio na Namba kwenye Majibu ya Kaka

Mwenzenu nimewahi kuona damu ya mtu mzima, anayetembea, anayecheka, imetoka nyeupe kama maziwa.

Na mtu mwenyewe alikuwa kaka yangu.

Sitanii. Kazi yangu ni maabara. Mwaka wa kumi na mbili huu nachoma watu sindano, nazungusha damu kwenye mashine, nasoma namba. Damu ikishazungushwa, wekundu unakaa chini na juu yanabaki majimaji ya njano, mepesi. Ya kaka yalikuja meupe pe.

Nikakichukua kile kichupa nikakiinua dirishani.

Ngoja nianze mwanzo, nikikurupuka mtapotea.

Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, alikuwa mwoka mikate. Ana duka lake lenye tanuri mbili, mtaa mzima unamwita Mzee wa Skonzi. Kitambi kilikuwa kikubwa mpaka kamba za viatu anafungiwa na wifi. Mimi ndiyo ilikuwa furaha yangu kumtania.

"Kaka, hiyo mimba unajifungua lini?"

"Nyamaza, Sindano. Wewe ulivyokonda hata kivuli huna."

Sindano ndilo jina alilonipa. Kwa ajili ya kazi yangu, na kwa ajili ya mdomo wangu. Mdomo wangu hauna breki, nakiri.

Mwaka juzi akajiunga na grupu moja la kwenye simu, la watu walioacha wanga. Mkate hamna, wali hamna, viazi hamna, sukari usiitaje. Ni nyama, mayai, mboga za majani na siagi. Mwenye grupu wanamwita Kocha. Jamaa ana kifua kama kabati, kila asubuhi anajirekodi akinywa kahawa aliyoikoroga na siagi.

Nilimchukia Kocha siku ya kwanza. Sauti yake tu ilinitosha.

Lakini haki yake tumpe, kaka alipungua. Kilo ishirini na moja kwa miezi minane. Sukari iliyokuwa imeanza kupanda ikashuka. Mwoka mikate asiyeonja mkate, kila siku kwenye harufu ile, na hadokoi hata ukoko. Wifi alikuwa anaringa utafikiri kaolewa upya.

Siku moja akanijia kazini.

"Sindano, Kocha anataka tupime mafuta kwenye damu. Nipime basi."

"Hujala?"

"Sijala kitu toka jana."

Sasa, sisi watu wa maabara tuna tabia moja. Ndugu hapangi foleni. Haandikishwi, haonani na daktari. Anapita mlango wa nyuma, anachomwa, majibu anapewa mkononi au anatumiwa kwenye simu. Daktari hajui hata kama mtu huyo alifika. Wote pale tunafanya hivyo, na wote tunajiona tuna upendo.

Nikamchoma, akaondoka zake. Nikazungusha damu, ndipo nikaona yale maziwa.

Nikampigia simu mbio mbio. "Kaka, umekula nini?"

"Si nimekwambia sijala?"

"Umekunywa nini?"

Akaanza kumhudumia mteja.

"Kaka!"

"Kahawa tu. Vikombe viwili. Ya siagi. Lakini hiyo haivunji mfungo, bwana, Kocha alishasema."

Weee! Nilimpa maneno siku hiyo mpaka wagonjwa wakachungulia. Kwenye grupu lao ukinywa siagi bado umefunga, kwa kuwa siagi haina wanga. Sawa, wana hesabu zao. Lakini siagi ni mafuta, na mafuta uliyoyanywa saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu yanaogelea kwenye damu. Yale maziwa kwenye kichupa yalikuwa kifungua kinywa chake.

Nilikaa kwenye kiti nikacheka mpaka machozi. Kichwani nilikuwa nimeshamzika.

Majibu yalitoka hivi. Kolesteroli yote kwa jumla, nane nukta tisa. Juu sana. HDL, ile wanayoiita nzuri, moja nukta sita. Safi. Trigliseridi, yaani hayo mafuta yanayopanda ukila, sita nukta mbili, wakati ilitakiwa isifike hata mbili.

Na LDL, ile inayojijenga kwenye kuta za mishipa mpaka njia inaziba, haikuwa na namba. Vistari tu.

Hapa naomba mnisikilize. Mashine yetu haiipimi LDL. Inaihesabu kutoka kwenye hizo tatu nyingine. Trigliseridi ikizidi mno, hesabu inakataa, inaweka vistari. Kila mtu wa maabara anajua hilo. Na mimi nilijua.

Nikamwambia kaka arudi wiki inayofuata, asubuhi, tumboni maji matupu. Akarudi. Nikazungusha. Majimaji yakatoka njano, yanang'aa, mazuri hata kuyatazama. Moyo wangu ukatulia pale pale.

Na kwa kuwa kilichonitisha ni trigliseridi, nikapima trigliseridi peke yake. Kemikali ya kolesteroli ilikuwa imebaki kidogo, wagonjwa wamejaa hadi kwenye korido, nikaona ya nini kuimaliza kwa mtu ambaye shida yake naijua. Ile nane nukta tisa nayo nikaisukumia kahawa. Sikufikiri mara mbili.

Ikaja sifuri nukta tisa.

"Kaka! Sifuri nukta tisa! Una damu ya mtoto mchanga wewe!"

Alishangilia mpaka nikaiondoa simu sikioni. Akazirusha karatasi zote mbili kwenye grupu, watu wakampongeza siku nzima. Kwa kumbukumbu zangu, hakuna aliyeuliza habari ya ule mstari wenye vistari.

Ikapita miezi mitano.

Jumapili moja tuko kwa mama. Kaka kapanda ngazi sita za kibaraza, akasimama juu, kashika kifua.

"Vipi, uzee?" nikamtania.

"Gesi, Sindano. Nyama ya jana."

Nikampa vidonge vya gesi kwenye mkoba wangu. Mimi huyu huyu. Na maji ya kumezea nikamletea.

Jumanne ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, kaka alikuwa anatoa trei kwenye tanuri. Mama mmoja anayemsaidia kuuza anasema alimwomba amshikie trei, akakaa juu ya gunia la unga, akajifuta jasho kwa aproni. Yule mama alipogeuka kumwuliza kama aite gari, hakujibiwa.

Kaka yangu alikuwa na miaka arobaini na minne.

Hospitali walituita ndani, mimi na wifi. Daktari wa zamu, mama mmoja mpole, akauliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyewahi kuanguka ghafla.

"Baba," nikasema. "Alikuwa na arobaini na moja. Tuliambiwa presha."

"Marehemu alishawahi kupima kolesteroli?"

Wifi akadakia. "Ndiyo, tena ilikuwa nzuri sana." Akafungua mkoba, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa vizuri.

Daktari akazitazama. Akaziweka bega kwa bega mezani. Akachukua kalamu, pembeni ya karatasi akaandika nane nukta tisa, akatoa moja nukta sita, akatoa tena sifuri nukta nne kwa ajili ya ile trigliseridi ya pili. Ikabaki sita nukta tisa.

Hesabu ya kutoa tu, ya shule ya msingi. Haikumchukua hata nusu dakika.

"LDL yake ilikuwa karibu na hapa," akasema. "Kahawa ya siagi inapandisha trigliseridi. Kolesteroli ya jumla haiwezi kuirusha mpaka hapa. Na LDL hata ijae vipi, damu haibadiliki rangi. Kuna watu wanazaliwa nayo, inatembea kwenye ukoo. Ukiongeza na siagi ya kila siku, inapanda zaidi. Ila dawa zake zipo. Zipo nyingi tu."

Kisha akaniangalia. "Nani alimsomea majibu haya?"

Nikasema sijui.

Jamani. Nilisema sijui. Mbele ya wifi, naye kwa mshtuko aliokuwa nao hata hakunisikia.

Baada ya mazishi sikulala. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, la sivyo ningechanganyikiwa. Na mtu nilikuwa naye tayari. Kocha. Na kahawa yake, na kifua chake.

Siku ya tatu ya msiba tumekaa uani na wifi, tunachambua mboga za wageni. Yeye naye alikuwa kwenye lile grupu. Nikamwomba simu, nikaandika mbele ya watu wote: "Kocha, wewe ni muuaji. Umemlisha marehemu siagi mpaka moyo umesimama. Umeacha mjane na yatima kwa ajili ya kujirekodi. Mungu akulipe hapa hapa duniani."

Nikatuma. Roho ikanitulia kidogo, kusema kweli.

Baada ya robo saa simu ikalia. Kocha hakujibu kwenye grupu. Alimwandikia wifi pembeni, akidhani ndiye aliyetuma.

"Pole sana shemeji. Sikutaka kuyatoa haya mbele za watu. Yasome wewe mwenyewe."

Akaambatanisha picha ya mazungumzo yake na kaka, ya siku ile ile ya sherehe.

Kaka: "Kocha, mbona LDL ina vistari? Ni sawa?"

Kocha: "Si sawa. Hapo huna majibu. Na hiyo 8.9 siipendi. Kuna watu kwenye ulaji huu trigliseridi zinakuwa nzuri na LDL inaruka vibaya. Rudia vipimo vyote, maji tu, kisha mpelekee daktari. Siagi simamisha kwanza."

Kaka: "Nimemuuliza mdogo wangu, yuko maabara. Kasema haina neno."

Kocha: "Muulize tena."

Kaka: "Huyo hakosei, Kocha. Ndiye daktari wetu nyumbani."

Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikaelewa.

"Anasemaje?" wifi akauliza.

Ningeweza kuifuta. Kidole kilikuwa pale pale juu ya kioo. Nikampa simu.

Akasoma taratibu, midomo ikicheza. Alipomaliza akaniuliza neno moja. "Alikuuliza?"

Nikatoa simu yangu, nikarudi nyuma miezi mitano. Nilikuwa naomba nisikute kitu. Nikakuta.

"Sindano, hapa kwenye LDL mbona hamna kitu?"

Na chini yake mimi: "Haina neno, mashine imeshindwa kuhesabu tu. Achana nayo, kasherehekee." Na kikatuni cha kucheka.

Dakika moja haikupita kati ya swali na jibu. Wala sikumbuki nilikuwa wapi nilipoandika.

Wifi hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Alifuta mikono kwenye kanga, akasimama.

"Kesho wanangu nawapeleka hospitali, kwa daktari. Usije."

Habari nilizipata kwa mama. Mtoto wa kwanza, msichana wa miaka kumi na mitatu, ana ile LDL ya ukoo kama baba yake. Ameanzishwa dawa. Mdogo wake hana. Na mimi nikajipima, vipimo vyote, nikakuta LDL sita nukta nne. Mimi, kimbaombao, ninayekula mkate wangu kila siku. Nimepanga foleni kwa daktari kama watu wengine, nameza kidonge kila siku.

Kocha nilimwomba radhi kwenye grupu lile lile, kwa jina langu na kazi yangu. Wengine walinitukana. Haki yao.

Mwaka wa pili sasa wifi hajaniita wifi. Ananiita "shangazi yao".

Sikuandika haya ili muache wanga wala ili mrudie wanga. Ulaji wako ni wako. Ila ukipima mafuta kwenye damu, trigliseridi ikishuka usipige vigelegele ukaenda zako. LDL ni jambo lingine, na moja ikiwa nzuri haiisemei nyingine. Ukikuta pameachwa wazi, ujue hapo hujapimwa, rudi upimwe. Mwambie anayekupima kila ulichokunywa, hata kama kwenu hakihesabiki. Kisha mpe karatasi daktari anayekujua kwa ugonjwa, asiyekujua kwa undugu.

Na wewe mwenzangu wa maabara, ndugu yako akikuuliza na huna uhakika, sema huna uhakika. Ni maneno mawili.

Kaka yangu aliuliza watu wawili. Mmoja alimjibu sawasawa, akaambiwa amekosea, kwa sababu mwingine nilikuwa mimi.