Aliyekataa Kunitaipia "I Am Used To"

Habari za kifo chake zilinifikia Jumatatu, kwa simu kutoka Keroka. "Yule mama wa taipureta ametuacha," alisema aliyenipigia, akidhani huenda simkumbuki.

Wasomaji wa safu hii mnanijua kama mtu wa kukosoa lugha za wengine. Leo nikosoe yangu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya msingi upande wa Nyamira. Mzazi mmoja alinishtaki kwamba nimemchapa mwanawe hadi mkono ukavimba. Ni kweli niliwahi kuwa mchapaji, lakini nilikuwa nimeacha mwaka mzima kabla ya hapo, na mtoto yule sikumgusa. Kamati ya nidhamu iliniita Nyamira saa nane mchana, nifike na maelezo yaliyopigwa chapa. Saa tano nilikuwa Keroka, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, ambako mama huyo aliweka mashine yake. Nilimpa karatasi, nikasimama nikitazama saa. Alipofika mstari wa nne, vidole vyake vikasimama.

"Mwalimu, bado unachapa watoto ama uliacha?"

"Niliacha. Taipu, mama, nimechelewa."

"Hapa umeandika 'I am used to caning pupils.' Hiyo ni kusema umezoea kuwachapa. Kama uliacha, ni 'I used to cane pupils.'"

Watu waliokuwa wakingoja zamu walinigeukia. Mimi mwenye cheti cha ualimu, nikosolewe na mtu aliyeachia shule kidato cha pili! Nilimwambia apige kilichoandikwa, Kiingereza aniachie mimi. Alichomoa ukurasa kwenye mashine, akanirudishia karatasi yangu.

"Basi tafuta mwingine. Sitakufukuzisha kazi kwa vidole vyangu."

Nadhani aliniogopa, ila hakurudi nyuma. Mwingine hakuwepo karibu. Nilimpa tena karatasi, nikamwambia kwa hasira aandike anavyotaka.

Huko Nyamira, mwenyekiti aliusoma mstari ule, 'I used to cane pupils,' kwa sauti, mara mbili. Kisha akauliza niliacha lini, na kwa nini. Nikapata nafasi ya kueleza. Wenzangu wawili wakaitwa, wakathibitisha. Mtoto naye alipoulizwa taratibu, alisema aliumia akicheza. Nilibaki na kazi.

Baada ya hapo nilipita Keroka mara nyingi, nikivuka barabara ili nisikutane naye. Tofauti ile niliifundisha kila darasa kana kwamba niliigundua mwenyewe. Ndivyo tulivyowachukulia wapiga chapa wetu, watu wa vidole tu, ilhali barua za kazi na hati za mashamba ya wengi zilipita mikononi mwao. Yeye hakuanza na sarufi. Aliuliza kwanza ukweli ni upi, halafu akatafuta maneno yanayoutosha. Ninyi mnaoandika, ulizeni hivyo. Na mtu akikuokoa na kosa lako, mshukuru siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia asante, na sikumwambia.