Paka Aliyekula kwa Niaba Yangu

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana huko kwa mafundi wenzangu wa pikipiki wanaisimulia wanavyotaka, na wapo wanaosema eti nilikula sahani moja na paka mbele ya wageni waliokuja kuposa. Ni kweli nilikula naye sahani moja, siwezi kubisha, lakini wao wanaanzia mwisho, na mwisho peke yake unamfanya mtu aonekane mwendawazimu. Mwanzoni nilikuwa na akili zangu zote. Aibu nimeshaimeza, kwa hiyo kaeni vizuri niwaambie ilivyokuwa.

Mimi ni mtoto wa huko Kalima, na kwetu hatukuwahi kuishi na paka. Utoto wangu uliangukia miaka ya vita, tunakimbilia porini, tunarudi, tunakimbia tena, na kila tuliporudi tulikuta panya wamekuwa wenye nyumba lakini paka hata wa dawa hakuna (walikoenda sijui, na kwa njaa ya miaka ile hakuna aliyependa kuuliza). Wazee nao wakaisha mmoja mmoja, baba, babu, wajomba, yaani wale ambao humkalisha kijana chini kabla hajaoa wakamwambia ukweni unafanya hivi, hivi usifanye. Mimi sikukalishwa na mtu. Nilikuja Kindu na spana zangu, nikampenda Zawadi, nikaoa, tukapanga nyumba, nikadhani kazi ya kuoa imeishia hapo.

Halafu mvua ikaangusha ukuta wa ile nyumba, tena upande wa kitanda, na Baba mkwe akasema tuje tukae kwake mpaka nipate pengine. Mwanamume kuhamia kwa wakwe, mnajua wenyewe watu wanavyosema ukishageuza mgongo. Niliingia mle nimejikunja, nikaapa moyoni kwamba sitamkosea mtu, nitafuata kila desturi ya nyumba ile hata nisiyoielewa. Kumbe hicho kiapo ndicho kilichoniponza.

Nyumba ile ilikuwa na paka watatu. Kadogo, mtoto mtoto bado, alikuwa akipanda mapazia. Madame alikuwa na mimba kila nilipomtazama. Na Koloneli, dume kubwa lenye sikio lililochanika, alipokuwa akipita kila mtu alimpisha njia. Wakwe zangu ni Waislamu tangu enzi za mababu, kwao paka ni mtu wa nyumbani, analala hata juu ya mkeka wa kuswalia na hakuna anayemfukuza, wakati kwetu Kalima paka asiyejulikana akiingia kwako jioni watu wanaulizana nani amemtuma. Nikawa sijui niwafanyeje, niwasalimie, niwapishe, niwaogope? Nikikaa kwenye kiti naambiwa hapo ni pa Koloneli. Nikihamia kingine, Madame amekwisha kupanda pajani na mimi nimekauka, siwezi kuinuka, siwezi kumgusa, mpaka mtu aje kuniokoa.

Lakini kilichonichanganya kabisa ni Mama mkwe. Kwamba mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hilo nilikuwa nalijua, kila mtu analijua, akija huku mimi napita kule, naye saa nyingi alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Sawa. Ila mimi hakuwahi kunisemesha hata neno, hata la salamu, wakati na Koloneli alikuwa akizungumza tangu asubuhi. "Koloneli, umeamka salama?" "Koloneli, chai iko mezani." "Koloneli, naona unakonda." Nami nakunja uso, namtazama Koloneli, tumbo linaburuta chini, nasema huyu anakonda wapi? Siku moja nikasikia, "Koloneli, maji ya moto ya kuoga iko kwenye ndoo." Jamani! Nilisimama pale uani natazama ndoo inatoa mvuke, nikajiambia labda ndivyo watu wa mjini wanavyofuga, wanawaogesha kwa maji ya moto, nikaipita ile ndoo nikaenda kuoga maji baridi, moyo umenijaa wivu. Naam, wivu wa paka. Mwanamume mzima.

Nilijaribu kumuuliza Zawadi kwa njia ya kuzunguka, maana nitaanzaje kumwambia mke wangu kwamba namwonea paka wivu. Nikasema, "Mama anapenda sana kuongea na Koloneli, eh?"

"Sasa ataongea na nani?" akasema, akaendelea kutwanga sombe yake, majani ya muhogo ya jioni.

Nikamwonea Mama huruma. Nikadhani ni upweke.

Basi ikafika siku ya wageni wa posa, wanakuja kutoka Kibombo kwa ajili ya Salima, mdogo wake Zawadi. Salima alikuwa amemsubiri kijana wake huyo muda mrefu, na ukoo wa kijana ulikuwa unasitasita, ukituma watu kuulizauliza nyumba hii ni ya watu wa namna gani. Na siku hiyo hiyo Baba mkwe akaamka koo limefunga, sauti hakuna, anapumua tu maneno. Akaniita, akanishika bega. "Musafiri, njo weye utasema kwa jina ya nyumba."

Mimi ndiye msemaji! Niliyeletwa na mvua! Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nikajua siku hii ikipita vizuri hakuna atakayeniita tena mtu wa kuhifadhiwa, nitakuwa mtoto wa nyumba kamili. Ikiharibika, nitakuwa nimejiharibia mimi na kumharibia Salima kwa mara moja. Salima mwenyewe alinifuata mlangoni, macho yamemtoka. "Shemeji, naomba tu, usiniharibishie."

Zawadi akanifunga vifungo vya kanzu huku akinielekeza: sahani ya kwanza inatoka kwa Mama, inawekwa mbele ya mwenye kusema kwa jina la nyumba, anaonja, ndipo wageni nao wanakula. "Usionje mbele ya wakati. Mama mwenyewe atakuambia." Nikaitikia. Ndani nikajiuliza ataniambiaje mtu ambaye hasemi nami, lakini nikaona labda leo, kwa kuwa ni siku kubwa, atasema.

Wageni wakafika. Msemaji wao alikuwa Mzee Sefu, baba mdogo wa kijana, mtu mrefu mwenye viatu vyeusi vilivyong'aa, na pamoja naye kijana mwenyewe aliyetazama magoti yake tu, na shangazi wawili wenye kutazama kila kona. Nawaambia nilisema vizuri. Nilikaribisha, nilitania, nilizungusha maneno, mpaka shangazi mmoja akacheka na Baba mkwe akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Salima akaja, akapiga goti, akaweka mbele yangu bakuli lenye mfuniko. Ngolo mzima, samaki wa kunona, amepikwa kwa mawese, harufu imejaa chumba. Koloneli akatoka chini ya kiti, akakaa mbele ya miguu yangu, akanitazama.

Na nyuma ya pazia la jikoni ikatoka sauti ya Mama mkwe, ya heshima, wazi kabisa, kila mtu anasikia: "Koloneli, chakula ya mwenye nyumba iko tayari. Kula, wageni nao wakule."

Hapo ndipo akili yangu ilipozunguka. Nilimtazama paka, paka akanitazama. Nikasema moyoni, amesema Koloneli, amesema mwenye nyumba, kwa hiyo katika nyumba hii mwenye nyumba ni paka, na labda ni desturi yao ya zamani, paka aonje kwanza halafu mimi nionje nyuma yake, na mimi niliapa kufuata kila desturi, na Zawadi alisema Mama ataniambia na sasa Mama amesema, ila amemwambia paka, na wageni wote wanangoja. Nikachukua bakuli kwa mikono miwili, nikafunua, nikainama, nikaliweka sakafuni.

"Karibu, Koloneli," nikasema. Kwa heshima kabisa.

Koloneli hakungoja kuambiwa mara ya pili. Katika kile chumba ulisikika ulimi wa paka peke yake. Mzee Sefu akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Mukwe," akasema, "uko napimisha chakula kwa paka? Unaogopa nini mu hii nyumba?"

Ndipo nikaelewa alichokiona yeye. Sumu! Mtu anampa mnyama chakula aonje kwanza kwa sababu hamwamini aliyepika, na aliyepika ni Mama mkwe. Ningenyamaza tu. Lakini mimi, katika kutafuta kuitetea nyumba, nikasema, "Hapana, Mzee, njo desturi ya hapa."

"Desturi ya hapa!" shangazi wakasema kwa pamoja.

Na Koloneli, kwa ulafi wake, alikuwa amefika kwenye pilipili. Akapiga chafya. Akarudi kinyumenyume, akakohoa, akatikisa kichwa, akajikunja, akatapika, tena hakutapika pengine popote, alitapika juu ya kiatu kinachong'aa cha Mzee Sefu.

Wageni wote wakasimama. Shangazi wakakamata vitenge vyao. Kijana akainua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama Salima, akawa kama anataka kubaki, Mzee Sefu akamvuta mkono. Salima akalia, "Shemeji!" kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

Baba mkwe akapiga meza kwa kiganja. Akaninong'oneza kwa koo lake bovu, "Nani alikuambia umupatie paka?"

"Mama."

"Mama alisema nini?"

"Alisema Koloneli akule."

Alinitazama mpaka nikadhani hata macho yake yamepoteza sauti. Zawadi alikuwa ameziba mdomo. "Musafiri," akasema, "tangu tuhamie hapa ulikuwa nawaza Mama anasemesha paka?"

"Sasa alikuwa nasemesha nani?"

"Weye!"

Baba mkwe akawaomba wageni wamsogelee, maana sauti yake haikuvuka meza, nao wakainama kwa shingo upande. Akawaambia kwamba wakati wa vita watoto walipelekwa Kibombo, nyumbani akabaki yeye, mkewe, paka, na mume wa binti yao mkubwa, ambaye watu wenye bunduki walikuwa wanamtafuta. Wakamficha darini. Zamani Mama alikuwa akituma maneno kwa mkwe wake kupitia watoto, kama mama wakwe wote, lakini sasa watoto hawapo na jina la mkwe halitajiki. Basi akawa anasema na paka. Koloneli, usishuke, wako uani. Koloneli, muhogo iko kwenye kona. Wale watu walikaa pale pale nje wakimsikia, wakamcheka, mwanamke mzima anapiga soga na paka. Yule mkwe akatoka salama, leo ana watoto wakubwa Kisangani. Paka yule alikufa kwa uzee, huyu amerithi jina, na mkwe yeyote anayelala katika nyumba hii, Mama anamsemesha hivyo.

"Huyu hakufundishwa," akamalizia, akanionyesha kwa kidevu. "Wazee yake walikwisha mu vita. Kosa ni yetu."

Mzee Sefu akakaa. Akatazama kiatu chake. "Maneno tumesikia, na tumeheshimu," akasema. "Lakini paka ametapika."

Wote wakanitazama. Nikainama, nikachukua lile bakuli kutoka sakafuni, nikaanza kula pale pale paka alipoachia. Jamani, ile pilipili! Nilimeza kipande, nikameza kingine, macho yanatiririka, na Koloneli, aliyekwisha kupona na hana haya, akapanda pajani akatia mdomo upande wake wa bakuli, nikamwacha, ningemfukuza kwa haki gani? Nikawa nakula na kulia, na wageni wakadhani ni pilipili tu. Chai iko mezani. Naona unakonda. Maji ya moto iko kwenye ndoo. Yalinirudia yote, na lile alilosema jioni moja nilipokuwa nimekaa uani nawaza nyumba yangu iliyoanguka: "Koloneli, usiwaze sana, hapa ni kwenu." Nami jioni ile niliinuka nikaenda zangu kwa hasira, nikisema hata paka ana kwao na mimi sina. Mama wa watu alikuwa ananihurumia kila siku, na mimi sikumjibu hata mara moja, na yeye hakuacha kusema.

Pazia likatikisika kidogo. "Koloneli," ikasema ile sauti, "kunywa maji."

Nikashika kikombe kwa mikono miwili. "Ndiyo, Mama," nikasema. "Asante, Mama."

Shangazi ndio walioanza kucheka, halafu Mzee Sefu, halafu hata yule kijana wa magoti. Wakala. Salima aliolewa, ingawa huko Kibombo hadi leo naitwa Koloneli na watu ambao sijawahi kuwaona. Kile kiatu nilikisafisha mwenyewe.

Basi tangu siku ile nimeapa kwamba Mama akisema na Koloneli, mimi naitikia. Shida ni kwamba paka naye yupo, na mara nyingine kweli anasemeshwa yeye. Juzi nilikuwa nimekaa nakunywa chai yangu nikasikia, "Koloneli, toka, umezidi, kila siku kulamba sufuria!" Sikuwa nimegusa sufuria yoyote. Nikainuka, nikaomba radhi, nikatoka na kikombe changu nje, na kutoka huko nikamsikia Mama anacheka peke yake jikoni. Sikurudi kuuliza. Nitafukuzwa kwa makosa ya paka hata kila siku, lakini yule mama sitamwacha tena aongee bila kujibiwa.